Kuimba Wimbo wa Mtu Si Kuishiwa. Kuishiwa Ni Kulikata Jina Lake

Wasee, leo naomba tuongee polepole. Mawe wekeni chini kwanza, mtayarusha nikimaliza.

Wiki iliyopita niliweka klipu nikisikiliza albamu ya Bruce Springsteen inayoitwa Only the Strong Survive. Ilitoka Novemba 2022. Ina nyimbo 15, na hakuna hata moja aliyoiandika yeye. Zote ni kava, yaani nyimbo za watu wengine ambazo ameziimba upya. Sikuchambua chochote. Nilisema tu kwamba inanibamba.

Komenti ya kwanza: "Huyu mzee ameishiwa." Ya pili: "Karaoke ya matajiri." Ya tatu, ambayo ilipata mioyo mingi kuliko klipu yenyewe: "Ukifika miaka 73 na bado unaimba nyimbo za wenyewe, si ustaafu tu ulee wajukuu."

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, na nitawaambia sababu, lakini si sai. Kwanza tumalizane na hii stori ya kuishiwa.

Kama hujui Bruce ni nani, ni msee wa New Jersey, Marekani, mzaliwa wa 1949. Ni mwanaroki ambaye amekuwa akitoa albamu tangu 1973, na nyimbo anaandika mwenyewe. Born to Run ni yake, 1975. Born in the U.S.A. ni yake, 1984. Ni yule wa kusimama jukwaani saa tatu nzima, shati limelowa chapachapa, na uwanja wa mpira hauna pa kutema mate. Miaka miwili tu kabla ya hii albamu ya kava alikuwa ametoa Letter to You, nyimbo zake mwenyewe, na ilisifiwa sana.

Sasa niambie, huyo ameishiwa na nini?

Mtu aliyeishiwa ni yule anayetumbukiza ndoo kisimani ikarudi na matope. Huyu kisima chake bado kina maji. Ameamua tu siku moja kwenda kunywa kwa jirani, na amefika akabisha hodi, akasema jina la mwenye nyumba kwa sauti. Alipoitangaza albamu alieleza wazi kwamba alitaka mara moja maishani atengeneze rekodi ya kuimba tu. Kalamu iwekwe kando, sauti ndiyo ifanye kazi.

Na nyimbo alizochagua si za kubahatisha. Ni muziki wa souli, ule wa watu weusi wa Marekani ambao mizizi yake iko kanisani na matawi yake yako kwenye ukumbi wa densi. Nyingi ni za miaka ya 60 na mwanzo wa 70. Four Tops wamo. Temptations wamo. Supremes wamo. Jimmy Ruffin, Ben E. King, Tyrone Davis, William Bell. Jina la albamu lenyewe ni la wimbo wa Jerry Butler wa 1968. Huyu ni mzee anayewaambia mashabiki wake: nyinyi mnaniona mimi, lakini mimi nilikuwa nawaangalia hawa.

Kwa hivyo ukija na neno "karaoke", jua kwanza unamtukana nani. Karaoke ni kuimba bila kujali. Huyu anajali mpaka inaumiza masikio kidogo.

Ndiyo, nimesema inaumiza. Mimi si wakili wake. Kuna mahali hii albamu inanichosha. Mipangilio mingi ya ala imekaa karibu sana na rekodi za kwanza, mpaka unajiuliza kwa nini usirudi tu kwa zile za kwanza. Kwenye 7 Rooms of Gloom anajaribu kupanda mlima ambao Levi Stubbs wa Four Tops aliupanda 1967 akiimba kama nyumba inaungua. Bruce anapanda, anahema, anafika nusu. Lakini hiyo ni kasoro ya kazi. Ukisema wimbo umefanywa vibaya, tutabishana. Ukisema kuimba wimbo wa mwingine ni aibu kwa mtu mzima, hapo ndipo nakukatalia.

Kwani mnadhani huu muziki mnaouita wa asili ulitoka wapi?

Beatles, hao ambao kila mtu anawaita wabunifu wa karne, albamu yao ya kwanza ya 1963 ilikuwa na nyimbo 14. Sita zilikuwa kava. Twist and Shout si yao. Isley Brothers waliirekodi 1962, na hata wao walikuta Top Notes wameshairekodi 1961. Rolling Stones, albamu yao ya kwanza ya 1964 karibu yote ilikuwa nyimbo za wenyewe. Hakuna aliyewaambia wakalee wajukuu.

Na sasa shika hii, kwa sababu ni tamu. Bruce mwenyewe, kwa miaka yote hiyo, hajawahi kufika namba moja kwenye chati kuu ya nyimbo ya Marekani akiimba peke yake. Dancing in the Dark ya 1984 iligonga namba mbili ikakwama. Lakini wimbo alioandika umewahi kufika namba moja. Unaitwa Blinded by the Light. Ulifika huko Februari 1977, na aliyeufikisha ni bendi ya Uingereza, Manfred Mann's Earth Band. Kava!

Yaani namba moja yake aliletewa na watu walioimba wimbo wa mwenyewe. Halafu wewe na bando lako la usiku unataka kumfundisha kwamba kava ni kwa walioishiwa.

Haya, tuje nyumbani, kwa sababu najua wengine wenu mshaanza kusema hizo ni stori za wazungu.

Malaika unaujua. Hata kama hujui neno la pili, la kwanza unalijua. Fadhili William aliurekodi hapa Kenya, na mpaka leo watu wanabishana ni nani hasa aliutunga. Lakini dunia iliusikia kwa nani? Miriam Makeba, Mwafrika Kusini, aliyeuimba na Harry Belafonte kwenye albamu ya 1965. Baadaye Boney M. wakautoa 1981. Angélique Kidjo wa Benin naye akauimba. Zote kava. Bila kava, Malaika ungekuwa wimbo mzuri ambao nyanya yako anaukumbuka nusu.

Jambo Bwana vilevile. Them Mushrooms wa Mombasa, wimbo wa Teddy Kalanda Harrison, mwanzoni mwa miaka ya 80. Kazi yao ilikuwa kupigia watalii muziki hotelini, na wimbo ukatokea hapo hapo, kwenye salamu ambazo mtalii anaweza kuzishika. 1983 Boney M. wakaja na toleo lao. Leo kuna watoto Ulaya wanaojua maneno matatu ya Kiswahili, na yote matatu yametoka kwenye huo wimbo.

Nimesema hoteli. Sasa naweza kuwaambia kwa nini niliacha kucheka.

Mzee wangu ni mwanamuziki wa hoteli. Tumekulia Likoni. Jioni anavaa shati la vitenge, anabeba gitaa, anapanda matatu ya Ukunda, anashuka kwenye hoteli moja ya ufuoni, na kuanzia saa moja usiku mpaka saa nne anaimba wageni wakila. Hana wimbo wake hata mmoja. Sijawahi kusikia akisema anaandika. Anaimba Malaika, anaimba Jambo Bwana, na akiona wageni ni wazee anawapigia Jim Reeves na wanatokwa na machozi juu ya kamba wa kukaanga. Usiku mwema ni usiku ambao kuna meza ya watu wanaosherehekea kitu. Usiku mbaya analipwa nauli na sahani ya wali.

Nilipokuwa shule ya upili nilikuwa nasema baba yangu "anafanya kazi hoteli". Nilikuwa naiacha hapo. Mtu akidhani ni meneja, sawa.

Halafu nikaja Nairobi, nikaingia chuo, nikatoka chuo mwaka wa pili, nikaanza hii kazi ya kamera na taa ya duara ndani ya keja ya chumba kimoja. Na kama miaka miwili iliyopita, siku ambayo sikuwa na wazo lolote la klipu, nikavaa shati la vitenge na kuigiza "mzee wa hoteli". Ile sauti ya kuvuta mwishoni. Yale macho ya kufumba. Ile hatua mbili kulia, hatua mbili kushoto. Nikamalizia na utani kwamba mzee kama huyu ameimba Jambo Bwana mara elfu kumi na hajui kutunga hata jingo ya sabuni.

Klipu iliruka. Mpaka leo ndiyo kazi yangu iliyotazamwa kuliko zote. Wengi wenu mlinijulia hapo. Pesa ya kwanza ya maana niliyowahi kupata mtandaoni ilitokana na ile wiki.

Sasa, kuna kitu hamkukijua. Mzee wangu, kila usiku, kabla hajaanza Jambo Bwana, husimamisha gitaa na kusema: wimbo huu ni wa Them Mushrooms, wana wa hapa hapa Mombasa. Kabla ya Malaika humtaja Fadhili William. Wageni hawasikilizi. Wanatafuna. Yeye anataja tu, kila usiku, miaka yote. Kwenye maigizo yangu nilikuwa nimeiweka hiyo sehemu, kwa sababu nilikuwa namwiga yeye na yeye hufanya hivyo. Kisha wakati wa kuhariri nikaikata. Sekunde tisa. Zilikuwa zinachelewesha mzaha.

Jirani akamwonyesha klipu. Akanipigia simu. Nikajitayarisha kutukanwa, au mbaya zaidi, kuombewa. Akasema, "Umeniigiza vizuri mwanangu. Lakini ile sehemu ya majina, mbona umeikata?"

Sikuwa na jibu. Niliishia kusema mtandao ni mbaya, na simu nikakata.

Kwa hivyo mtu anapoandika "ukifika miaka 73 na bado unaimba nyimbo za wenyewe", mimi simwoni Springsteen. Namwona mtu anapanda matatu ya Ukunda. Na karo ya mihula yote niliyosoma kabla sijaacha ililipwa na nyimbo za wenyewe. Hata hii midomo ninayopigia kelele ililishwa na nyimbo za wenyewe.

Lakini sitaki mnihurumie, nataka tubishane. Kwa hivyo hebu nichukue hoja yenu nzito kuliko zote, ile ambayo wachache waliandika na ambayo inastahili jibu la heshima.

Hoja ni hii: Springsteen ni mzungu tajiri. Hizi ni nyimbo za watu weusi. Historia ya roki ni historia ya mzungu kuchukua wimbo wa mweusi, kuuosha, na kuuza mara kumi.

Ni kweli. Kabisa. Little Richard alitoa Tutti Frutti 1955. Ikapanda kwenye chati ya kawaida mpaka namba 17. Pat Boone, kijana mzungu msafi wa viatu vyeupe, akaimba kava yake kama anasoma risiti, na ikapanda mpaka namba 12. Redio nyingi hazikutaka ile ya kwanza, zikataka iliyooshwa. Big Mama Thornton alirekodi Hound Dog 1952, miaka minne kabla ya Elvis. Uliza watu kumi barabarani huo ni wimbo wa nani, wote watakwambia Elvis.

Huo ni wizi hata kama sheria haiuiti hivyo. Lakini angalia wizi uko wapi hasa. Hauko kwenye kuimba. Uko kwenye kufuta. Kava ya Pat Boone ilitolewa ili usiwe na haja ya kumsikiliza Little Richard. Ilikaa mlangoni ikamzuia asiingie.

Sasa linganisha. Bruce alipofika 2022 hakuhitaji kumzuia mtu yeyote mlangoni. Kinyume chake, alimvuta mtu ndani. Nyimbo mbili kwenye albamu anaimba pamoja na Sam Moore. Huyo ni mmoja wa wale wawili wa Sam & Dave, wenye Soul Man ya 1967 na Hold On, I'm Comin' ya 1966. Albamu ilipotoka Sam alikuwa na miaka 87. Alifariki Januari 2025. Kwa hivyo mzee wa miaka zaidi ya 70 alimwita mzee wa miaka zaidi ya 80 studio na kusema, tuimbe. Kuna watu wa miaka 22 hapa mtandaoni ambao hawawezi kumwita mwenzao waliyekosana naye Jumanne.

Na wimbo aliouchagua kuitangaza albamu, Do I Love You (Indeed I Do), una stori ambayo kila mtu anayefanya kazi ya sanaa anafaa kuijua. Frank Wilson aliuandika na kuuimba 1965 chini ya kampuni ya Motown. Santuri zikatengenezwa, kisha mpango ukaachwa na karibu zote zikaharibiwa. Wilson akahamia kazi ya nyuma ya pazia, kutengenezea wengine nyimbo. Nakala chache sana ziliponea. Miaka mingi baadaye vijana wa kaskazini mwa Uingereza waliokuwa wakikesha wakicheza souli zilizosahaulika wakaupata, wakaugeuza wimbo mtakatifu. Mwaka wa 2020 nakala moja iliuzwa kwa takriban pauni 100,000.

Frank Wilson alikuwa ameshafariki, 2012. Na hata angekuwa hai, santuri kuukuu ikiuzwa, aliyeimba hapati hata senti. Anapata mwenye santuri.

Lakini mtu akiuimba upya na kuuza, mwandishi wa wimbo anapata. Kava ndiyo inalipa! Mkusanyaji wa vitu adimu halipi, anayesema "za zamani ndizo bora" halipi. Anayeuimba ndiye anayelipa.

Na hapa ndipo mimi na Bruce tunakosana, kwa hivyo msidhani nimenunuliwa.

Marekani, wimbo ukishatolewa, mtu yeyote anaweza kurekodi kava yake bila kumwomba mtu ruhusa, mradi alipe kiwango kilichowekwa kisheria. Huo mpango uko tangu sheria ya 1909. Mwaka wa 2022 kiwango kilikuwa senti 9.1 za dola kwa kila nakala ya wimbo usiozidi dakika 5. Zidisha mara 15, ni kama dola 1 na senti 36 kwa CD nzima, inayogawanywa kwa waandishi na kampuni zinazomiliki haki zao.

Umesikia neno nililotaja? Waandishi. Si waimbaji.

Jerry Butler alishiriki kuandika wimbo uliobeba jina la albamu, kwa hivyo jina lake limo kwenye hesabu. Sawa. Lakini Jimmy Ruffin hakuandika What Becomes of the Brokenhearted. Aliuimba tu 1966, akaufanya kuwa kile ulicho, na kila anayeuimba leo anafuata nyayo za koo lake. Hesabu ya kava haimjui. Tyrone Davis hakuandika Turn Back the Hands of Time. Hesabu haimjui.

Na si kava tu. Redio za kawaida za Marekani, zile za masafa, zikicheza rekodi, hulipa mwandishi wa wimbo. Mwimbaji halipwi. Soul Man iliandikwa na Isaac Hayes na David Porter. Kila ilipochezwa redioni kwa zaidi ya miaka hamsini, Sam Moore, ambaye sauti yake ndiyo wimbo wenyewe, hakuwa na haki ya chochote kutoka kwa ile redio. Alilipigania hilo mpaka uzee wake, akaenda mpaka mbele ya wabunge wa Marekani. Alikufa sheria ikiwa vilevile.

Sasa Bruce. Mwishoni mwa 2021 aliuza haki za muziki wake wote kwa Sony, na bei iliyoripotiwa ilikuwa takriban dola milioni 500. Mwaka uliofuata, 2022, tiketi zake zilipoanza kuuzwa kwa bei inayopanda kulingana na idadi ya wanunuzi, baadhi zilikaribia dola 5,000, na mashabiki wake wa tangu enzi wakalia. Miezi michache baadaye ikaja albamu ya nyimbo za watu ambao wengi wao hawakuwahi kuona hata kivuli cha pesa kama hiyo.

Mtu mwenye doo hizo angeweza kwenda hatua moja mbele ya sheria. Angeweza kusimama na kusema: kutoka kwa mauzo ya hii albamu, fungu fulani linaenda kwa waimbaji wa kwanza au familia zao, kwa sababu nimeimba nikiwafuata wao. Sheria haimlazimishi. Ndiyo maana ingekuwa na maana. Kumleta Sam Moore ndani ya nyumba ni heshima. Lakini mgeni wa heshima pia hula.

Hilo ndilo kosa ninaloliona kwenye kava za matajiri. Hawaibi. Wanalipa deni lililoandikwa na kuliacha lile lisiloandikwa.

Na kabla hatujawacheka Wamarekani, kumbukeni sheria yetu ya hakimiliki kwenye karatasi ni bora kuliko yao hapo. Hapa redio ikicheza rekodi, mwandishi ana haki, mwimbaji ana haki, mwenye rekodi ana haki. Kumekuwa na mashirika ya kukusanya: MCSK kwa watunzi, PRISK kwa waimbaji na wapigaji, KAMP kwa watayarishaji. Kwenye karatasi tumewashinda. Lakini nendeni mkamuulize msanii yeyote wa zamani anapata ngapi. Mtasikia hesabu ya kununua unga na nyanya, na nyanya zikiwa msimu.

Basi tuje kwetu sisi, wasee wa simu na taa ya duara. Manze, sisi ndio wenye kelele nyingi kuhusu uasili. Kwenye wasifu kila mtu ameandika yeye ni mbunifu. Halafu angalia tunachofanya. Sauti inatrendi, tunaichukua. Densi inatrendi, tunaicheza. Mzaha wa mtu wa Kisumu unapata watu, kufikia Ijumaa uko Mombasa, Eldoret na Nakuru, umevaliwa nguo tofauti. Kazi yetu yote ni kava! Tofauti ni kwamba mzee wa hoteli husimamisha gitaa akataja mwenye wimbo. Sisi tunakata sekunde tisa.

Sisemi tuache kuiga. Hiyo haiwezekani, na isitoshe ni uongo. Hakuna aliyezaliwa akiongea lugha aliyoitunga mwenyewe. Nasema tuige kama watu wenye adabu. Ukitumia sauti ya mtu, andika jina lake, na si kwa herufi ndogo chini ya alama ishirini. Ukiimba kava, mtaje aliyeandika na mtaje aliyeimba kwanza, kwa sababu mara nyingi ni watu wawili na mmoja wao halipwi. Ikiingiza pesa, mtafute. Kama hayuko, itafute familia. Kama huwezi, angalau watume watu wako wakasikilize ya kwanza. Kava nzuri ni ile inayokufanya uifungue ya kwanza usiku huo huo.

Kwa kipimo hicho, Only the Strong Survive imefaulu kwangu. Kabla yake sikuwa namjua Frank Wilson. Sikuwa namjua Tyrone Davis. Kuna wimbo mle unaitwa Nightshift, wa Commodores wa 1985, waliouimba kuwakumbuka Marvin Gaye na Jackie Wilson ambao wote wawili walikufa 1984. Yaani Bruce anaimba wimbo wa watu waliokuwa wanawaimbia watu. Nilipofika hapo saa saba usiku nikausimamisha, nikaenda nikausikiliza wa Commodores, kisha Marvin, kisha Jackie. Nililala saa kumi na moja. Hakuna komenti ya "karaoke" iliyowahi kunipeleka mbali hivyo.

Ile klipu yangu ya shati la vitenge bado iko. Nimefikiria kuifuta na nimeamua sitaifuta, kwa sababu kufuta ndiyo tabia yenyewe ninayoipinga hapa. Nilikuwa bado nina faili ya kwanza. Jana usiku nimerudisha zile sekunde tisa na kuipandisha tena. Nimejaribu, inachelewesha mzaha kweli. Mwacheni acheleweshe.

Na mzee wangu hajastaafu. Leo ni Ijumaa, hoteli ina wageni, saa moja atakuwa kwenye kiti chake.

Haya, mawe yenu yachukueni. Lakini kila anayerusha aandike pia wimbo mmoja anaoupenda, jina la aliyeuandika na jina la aliyeuimba kwanza. Hujui? Nenda katafute, halafu urudi uniite mimi nimeishiwa.